Bandama ya Paskazia

Jumamosi iliyopita tulimzika Shangazi Anatolia kwenye kibanja chake, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, kule Kamachumu, hatua chache kutoka kaburi la binti yake Paskazia, na kwa hiyo sasa ruhusa ya kusema ninayo. Aliniambia mwenyewe nisubiri azikwe kwanza. Nikasubiri, maana kunyamaza ni kazi niliyoifanya kwa bidii kuliko hata ualimu, na ualimu nimeufanya zaidi ya miaka thelathini mpaka nikastaafu na koo bovu. Watu walikuwa wengi, mvua ilikatika wakati wa misa, ndizi zilichemka kwenye masufuria makubwa nyuma ya nyumba, na kila aliyepita kunipa pole alinitambulisha kwa mwenzake kwa maneno yale yale ninayoyasikia tangu nikiwa na miaka ishirini: "Huyu ndiye Koku, aliyemuuguza Paskazia." Wanayasema kwa heshima. Nimeyasikia harusini, misibani, kwenye sherehe za kipaimara, na kila mara nimeitikia kwa kuinamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu. Nataka kuueleza mwaka ule kama ulivyokuwa, si kama unavyosimuliwa Kamachumu, ingawa najua fika kwamba wale ambao ukweli huu ungewasaidia wote wako chini ya udongo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita nasubiri matokeo, na msichana anayesubiri matokeo kwetu ni mali ya ukoo mzima. Shangazi alikuwa na mgonjwa hospitalini Bukoba, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuulizia bei ya chumvi na kuondoka. Nikatumwa nikawe mdomo wake. Tulipanga chumba kimoja Hamugembe, kwenye nyumba ambayo dirisha lake lilikuwa karibu mno na migomba ya mwenye nyumba, kiasi kwamba upepo ukivuma majani yaliingia ndani. Tulikuwa na kitanda kimoja, mkeka, jiko la mkaa na ndoo mbili. Asubuhi Shangazi alikaa sakafuni akamenya ndizi, akazipika na maharage, akazifunika kwa majani ya mgomba ndani ya kikapu zisipoe, nami nikakibeba hadi hospitalini. Kule tulikaa nje ya wodi pamoja na wenye wagonjwa wengine tukisubiri kengele, kila mtu na kikapu chake magotini, tukisikilizana shida. Paskazia alikuwa na miaka kumi na saba. Mikono yake ilikuwa myembamba, midomo imepauka, na tumbo lake upande wa kushoto lilikuwa limevimba mpaka kitovuni. Juu ya uvimbe huo kulikuwa na safu za chale ndogo nyeusi alizochanjwa tangu utotoni ili bandama inywee. Siku ya kwanza aliinua blauzi akanionyesha. "Hii ni kalenda yangu, Koku," alisema. "Kila mstari ni mwaka ambao sikupona." Alicheka, nami nikacheka, na tangu siku hiyo nikampenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Kabla ya mwaka ule sikujua kwamba bandama inaweza kutolewa mtu akaendelea kuishi. Wodi ile ya wanawake ilinifundisha, maana walikuwepo watatu wa aina hiyo. Kitanda cha dirishani alilala mama mmoja kutoka Muleba, aliyeanguka na baiskeli akiwa amepakiwa nyuma na mkungu wa ndizi mapajani. Mkungu ulimgonga ubavuni, bandama ikapasuka, damu ikamwagikia tumboni, akapasuliwa siku hiyo hiyo. Wa pili alikuwa mwalimu ambaye mwili wake ulivia damu ukimgusa tu, na fizi zilimtoka damu akipiga mswaki. Yeye bandama yake ilikuwa inaziharibu zile chembe za kugandisha damu, na dawa zote zilikuwa zimeshindwa. Wa tatu ni Paskazia wetu. Daktari wa upasuaji alikuwa mtu wa Mbeya, mrefu, mwenye sauti ya chini, na alipopita na wanafunzi wake nilijifanya napanga vyombo ili nisikie. "Ikipasuka na damu haikomi, hatujadiliani, tunaitoa," aliwaambia. "Ikiwa na jipu au uvimbe mbaya, tunafikiria kuitoa. Ikila damu kuliko mwili unavyoweza kutengeneza, na tumejaribu dawa zikashindwa, tunaitoa. Lakini ikiwa kubwa tu, hiyo si sababu. Hatumnyang'anyi mtu kiungo kwa kuwa ni kikubwa." Kisha akasimama kwenye kitanda cha Paskazia na kuwaeleza kwamba malaria za miaka mingi ndizo zilizoivimbisha ile bandama, kwamba alimezeshwa dawa ya malaria miezi mingi na haikupungua, na kwamba sasa inakula hata damu anayoongezewa. Hilo tuliliona wenyewe. Kila alipowekewa chupa, viganja vilikuwa vyekundu wiki mbili, halafu vikarudi kuwa vyeupe. Na miaka ile watu wa Kagera tuliiogopa chupa ya damu kwa sababu ya Ukimwi, kwa hiyo kila mara Shangazi aliishika rozari mpaka tone la mwisho liingie.

Siku ya kuweka dole gumba kwenye karatasi ya kuruhusu upasuaji daktari alituita kwenye chumba chake. Kilikuwa na meza, viti viwili na sinki lililovuja, na Shangazi alikaa kwenye ukingo wa kiti kama vile hakikuwa kimetolewa kwa ajili yake. Daktari alizungumza polepole akinitazama mimi. Alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba Paskazia asipopasuliwa hatamaliza mwaka, na akipasuliwa damu yake itakaa. La pili alilisema akiwa ameinamia meza. "Bandama ni mlinzi, binti. Ikishatoka, homa ambayo kwangu na kwako ni ya kulala siku mbili, yeye inaweza kumuua kabla jua halijazama. Atameza penisilini kila siku. Atalala ndani ya chandarua. Kuna chanjo ambayo hapa hatuna, nitaiagiza. Na akipata homa yoyote, hata mkidhani ni mafua, aletwe siku hiyo hiyo. Msimpe majani. Msisubiri kesho. Mweleze mama hilo kabla hajatia dole."

"Anasemaje?" Shangazi aliniuliza kwa Kihaya. Nikamweleza la kwanza, lote, vizuri. Alisikiliza huku akikunja ncha ya kanga. "Na wakishaitoa," aliuliza, "homa zitakwisha?" Nikasita. Akaniona nasita. "Kwa sababu kama homa zitabaki, mwana wange, wanamkatia nini? Nitamchukua nirudi naye nyumbani. Kama ni kufa, afe akiwa na viungo vyake vyote." Hakuwa anatishia. Mume wake alikuwa amefia mjini baada ya kupasuliwa, na mizigo yao ilikuwa imefungwa tayari chini ya kitanda cha Hamugembe, nilikuwa nimeiona. Nilikuwa pia nimeviona viganja vya Paskazia asubuhi ile. Daktari alinitazama akingoja. Nikasema, "Zitakwisha, Shangazi. Bandama ndiyo nyumba ya homa. Wakiitoa, homa itakaa wapi?"

Niliionea fahari sentensi ile. Lazima niseme ukweli, niliionea fahari, kwa sababu uso wa Shangazi ulifunguka papo hapo, akanyoosha mkono apewe wino. Daktari aliniuliza, "Umemwambia yote?" Nikajibu, "Ndiyo, daktari." Nilijiambia kwamba hilo la pili nitamweleza baadaye, akishapona. Wanafunzi wangu wengi wamewahi kunidanganya wakiwa na uso kama niliokuwa nao siku ile, na nimewaadhibu, na baada ya kuwaadhibu nimeingia ofisini nikakaa peke yangu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Shangazi aliomba aonyeshwe kilichotolewa, na muuguzi, kwa huruma tu, akamletea kwenye beseni. Kilikuwa kitu cha zambarau kilichojaza beseni lote. Shangazi alikitazama muda mrefu. "Kumbe ndiyo nyumba yenyewe," alisema, na kuanzia hapo kila aliyekuja kumjulia hali mgonjwa aliambiwa habari ya nyumba ya homa na jinsi ilivyobomolewa. Wiki ya pili nilimsikia yule mama wa Muleba akiwaeleza wageni wake maneno yangu hayo hayo, akisema ni ya daktari. Tuliporudi Kamachumu majirani walikuwa wamejaa uani, kahawa za kutafuna zikapitishwa kwenye kisahani, na wa kwanza kumkumbatia Paskazia alikuwa Justina, mjane ambaye kibanja chake kilipakana na cha Shangazi upande wa chini. Justina ndiye aliyekuwa akiangalia ng'ombe na kufunga mlango miezi yote tuliyokuwa Bukoba. Alimpapasa Paskazia ubavu wa kushoto, akakuta pamelala, akalia. Jioni hiyo alitupikia.

Paskazia aliishi miezi minane baada ya hapo, na ilikuwa miezi mizuri, siwezi kukataa. Alibeba maji. Alinenepa. Alianza kujifunza cherehani kwa masista, akanishonea sketi ya rangi ya kahawa ambayo pindo lake lilikwenda upande. Kuhusu lile la pili nilimwambia nusu: ameze vidonge kila siku na alale ndani ya chandarua. Aliponiuliza sababu nikamjibu kwamba madaktari hawapendi kuulizwa. Kisha nikapata kazi ya muda kwenye kituo cha utafiti Maruku, ya kupima unene wa migomba kwa utepe na kuandika namba kwenye daftari, nikawa naenda Kamachumu Jumapili moja moja. Moja ya Jumapili hizo nilifungua kopo la penisilini nikakuta vifungo na sindano. "Vilikwisha," Paskazia alisema. "Mama anasema dawa ya homa kwa mtu asiye na homa ni ya nini?" Chandarua kilikuwa kimefunikia mbegu za maharage zisiliwe na kuku. Shangazi alikuwa jikoni anaimba. Ningeweza kwenda jikoni. Zilikuwa hatua kumi. Nilifikiri jinsi nitakavyoanza, nikaona nitalazimika kuanza na uongo wangu, nikasema nitamweleza Jumapili ijayo. Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha, sikwenda.

Ulikuwa msimu wa senene. Siku ya Jumatano Justina alileta pakiti ya senene wa kukaanga, waliofungwa kwenye jani la mgomba, akampa Paskazia. Zamani kwetu wanawake waliwakaanga senene tu, wakaliwa na wanaume, na Justina alimtania ale haraka kabla babu zake hawajafufuka. Alhamisi asubuhi Paskazia alitetemeka na mwili ukawa wa moto. Hakuna aliyeshtuka. Shangazi alisema ni uchovu wa cherehani na mvua, akamchemshia majani machungu ya mubilizi, akamfunika blanketi. Nani angekimbia hospitali kwa ajili ya homa, kwenye nyumba iliyoamini kwamba homa haiwezi kuingia tena? Jioni alikuwa haongei vizuri. Ijumaa asubuhi walimweka kwenye machela wakamtoa hadi barabarani kutafuta gari, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amekufa, pale pale kando ya barabara, kichwa kikiwa mapajani mwa Justina. Habari ilinifikia Maruku nikiwa na utepe mkononi. Nilijua nilichokifanya kabla yule mjumbe hajamaliza kusema.

Nilipofika, Shangazi hakuwa analia. Alikuwa anauliza. Alimuuliza padre, aliwauliza shemeji zake, aliniuliza mimi: "Homa imetoka wapi? Nyumba yake niliiona kwa macho kwenye beseni." Watu walikuwa wanafikiri, na walifikiri vizuri, hilo ndilo jambo la kutisha. Kama bandama imetolewa, homa haina pa kukaa. Kama homa haina pa kukaa na bado imemuua, basi si homa, kuna mtu ameituma. Na nani alimlisha kitu siku moja kabla? Siku ya tatu baada ya mazishi ukoo ulikaa kikao sebuleni, wanaume kwenye viti, wanawake mikekani. Justina alikuja mwenyewe bila kuitwa, akakaa chini karibu na mlango. Alisema senene wale aliwakaanga pamoja na wa kwake, na yeye alikula. Alisema Paskazia alikuwa mtoto wake pia. Alipoona maneno hayashiki, akanigeukia. "Koku, waitu, nakusihi, wewe ulikuwa hospitalini. Wewe ndiwe uliyesikia kwa masikio yako. Waambie daktari alisema nini."

Walinigeukia wote. Shangazi naye alinigeukia, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho sijawahi kukiona tena kwa mtu yeyote: alikuwa ananiomba nisimwambie kwamba angeweza kumwokoa mtoto wake kwa kumpeleka hospitali Alhamisi. Au labda hilo nililiweka mimi kwenye macho yake, nipate pa kujifichia. Nikasema, "Alisema homa hazitarudi." Mzee mmoja wa ukoo akaitikia, "Mmesikia." Justina aliendelea kunitazama kidogo, kisha akainuka, akajifunga kanga yake vizuri na kutoka. Baada ya wiki mbili migomba yake ilikutwa imekatwa mstari mzima. Mwezi haukuisha, akahamia Hamugembe kwa dada yake, na kibanja kikabaki mikononi mwa Deo, kaka yake Paskazia, aliyekichukua kwa bei ambayo hakuna aliyethubutu kuiuliza.

Mimi nilikwenda chuo, nikawa mwalimu, nikapangiwa Bukoba. Kwa miaka mingi nilikutana na Justina njiani, akitoka kisimani au kanisani. Alinisalimia kila mara. Aliniuliza habari za watoto wangu kwa majina. Hakuniuliza hata siku moja kuhusu kile kikao, na mimi, niliyeweza kuwasimamisha wanafunzi mia kwa jicho moja, nilimjibu salamu nikaharakisha mwendo. Alifariki mwaka juzi. Kwetu mtu huzikwa kibanjani kwake, kati ya migomba yake, ili wanawe wapite wakielekea shambani wamwone. Justina alizikwa kwenye makaburi ya mji, kati ya watu asiowajua, na tulikuwa watu kumi na moja. Udongo ulipokwisha kurudishwa nilibaki nimesimama, nikaelewa kwamba nilichokuwa nakingoja miaka yote ni hicho, afe.

Jumapili iliyofuata nikaenda Kamachumu nikamwambia Shangazi kila kitu. Nilimkuta sakafuni jikoni anamenya ndizi, jicho moja limeshaharibika. Nilianza na chumba cha daktari, lile sinki, lile la pili, nikamaliza na kikao. Kisu hakikusimama. Nilipomaliza aliuliza, "Justina amezikwa wapi?"

"Makaburi ya mjini, Shangazi."

"Hawakumleta nyumbani?"

"Wangemleta wapi? Kibanja analima Deo."

Alimenya ndizi tatu nyingine. "Siku ile ulinichagulia," alisema. "Sikukutuma unichagulie. Na leo umenichagulia tena. Nilikuwa nimebakiza kufa tu, na nilikuwa najua nimchukie nani." Nikamwomba msamaha. Hakujibu hilo, wala siku nyingine yoyote hakulijibu. Aliosha kisu, akakifuta, akasema, "Kama ni lazima useme kwa watu, nizikwe kwanza. Hapa, kwa mwanangu. Wakisikia sasa nitakufa wananitazama." Nikakubali. Alikuwa anaomba kaburi ambalo tulimnyima mwenzake, na wote wawili tulilijua hilo, na tuliongea habari za mvua mpaka nilipoondoka.

Basi Jumapili, siku moja baada ya mazishi, nilimwita Deo na wadogo zake sebuleni, mle mle kilimokaliwa kikao. Deo ana mvi sasa, ni katekista, ni mtu mwema. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kwa Kihaya, bila kupunguza. Nilisema kwamba Justina hakumuua mtu, kwamba Paskazia aliuawa na homa ya kawaida na mdomo wangu. Nilitegemea kelele. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, na nadhani nilikuwa nakutaka kufukuzwa huko. Walinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha Deo aliinuka, akanishika bega, akanikalisha taratibu kitini.

"Dada Koku, umechoka. Msiba huu umekuelemea," alisema. "Si wewe uliyetuambia? Bandama yake ilishatolewa, mama aliiona. Homa ingekaa wapi?"

Akanisogezea sahani. Ndizi zilikuwa zimetoka upande wa chini, kwenye kile kilichokuwa kibanja cha Justina, nami nikazila.